Somo: Tabibu wa karne ya 18 alivyomtibu mgonjwa wa kuhara damu

Somo hili linafuata njia ya John Pringle, tabibu wa jeshi la Uingereza, ambaye kitabu chake cha magonjwa ya wanajeshi kilichapishwa mwaka 1752. Jambo la kuzingatia ni mfuatano wa hatua, kwa kuwa matabibu wa wakati ule waliamini kwamba uchafu lazima utoke kwanza ndipo tumbo lifungwe. Hii ni historia. Mtu asiijaribu nyumbani.

Hatua ya 1. Choo cha mgonjwa hutazamwa chomboni: damu, kamasi, na kama haja inambana huku kikitoka kijiko kimoja tu.

Hatua ya 2. Mshipa wa mkono hupasuliwa, damu itoke. Kwa maoni yangu hapa ndipo walipokosea zaidi, maana mgonjwa alikwisha kukaukiwa maji.

Hatua ya 3. Hutapishwa kwa unga wa ipekakuana, mzizi wa Brazili, yapata gramu 1.3.

Hatua ya 4. Hupewa mzizi mchungu wa rubarbi, uliotoka China na mara nyingi kupitia Urusi. Ulipendwa kwa sababu huharisha kwanza, kisha hufunga.

Hatua ya 5. Tumbo likishasafika, ndipo afyuni hutolewa usiku, pamoja na maji ya mchele au ya shayiri.

Maswali ya wanachama

Swali: Kwa nini afyuni isitangulie, ilhali mgonjwa anajinyonganyonga kwa msokoto?
Jibu: Walihofia kuufungia uchafu ndani. Hata leo madaktari hawapendi kumpa mwenye kuhara damu dawa ya kufunga tumbo, ingawa sababu zao ni nyingine.

Swali: Unga wa Dover nao?
Jibu: Thomas Dover aliutangaza mwaka 1732 kwa ajili ya jongo, ukiwa na afyuni na ipekakuana ndani yake, baadaye ulitumika pia kwa kuhara. Kipimo chake kilikuwa kikubwa mno, hata Dover mwenyewe akaandika kwamba baadhi ya wauza dawa waliwashauri wagonjwa waandike wosia kabla ya kuumeza.

Swali: Je, kuna kilichosaidia kweli?
Jibu: Ipekakuana ina emetini, kemikali iliyotengwa mwaka 1817, nayo huua amiba, vijidudu vinavyoleta aina moja ya kuhara damu, lakini haiwezi kuhara damu kunakoletwa na bakteria. Kilichofaa zaidi ni maagizo ya kambini. Pringle aliilaumu harufu ya uozo, si vijidudu, lakini alitaka vyoo vifukiwe udongo, nyasi za kulalia zibadilishwe, na askari atakayejisaidia nje ya choo aadhibiwe kidogo, ila bila kusamehewa hata mmoja.