Kikombe cha mtoto: maji kwanza

Nimelea watoto watatu hapa Busia, upande wa Uganda. Mpaka miezi 6 niliwapa maziwa yangu tu, hata maji hawakuonja, ingawa majirani walinisema sana. Baada ya hapo, maji yaliyochemka na kupoa, kwa kikombe kidogo cha wazi, huku wakiendelea kunyonya. Maziwa ya ng'ombe yangoje mtoto atimize mwaka, nayo uyachemshe.

Soda ndiyo inayoniuma. Chupa ya kola ya mililita 300 ina sukari kama vijiko 8 vya chai. Siku moja nilivipima kwenye glasi, mwanangu mkubwa akitazama. Sukari ikafika unene wa kidole. Akanyamaza, kisha akauliza, "Yote hiyo, mama?" Tangu hapo haiingii nyumbani.

Juisi ya pasheni nakamua mwenyewe, bila sukari. Kwa wa mwaka 1 hadi 3 isizidi mililita 120 kwa siku. Chini ya mwaka, usimpe kabisa. Chai ya majani inazuia madini ya chuma kuingia mwilini, kwa hiyo usimpe mtoto. Bushera, kile kinywaji cha mtama au ulezi kinachochachushwa? Ile ya leo tu. Iliyokaa siku kadhaa inalewesha.