Msaada wa Dharura kwa Askari wa Zamani Nchini Marekani

Askari wa zamani anayeandamwa na mawazo ya kujiua apige 988 kisha abonyeze 1, au atume ujumbe mfupi kwenda 838255, saa yoyote. Si lazima awe amejiandikisha katika Idara ya Maveterani, na hata mkewe au nduguye anaweza kupiga kwa niaba yake. Tangu Januari 2023, askari wengi wa zamani hutibiwa hatari hiyo ya kujiua bila malipo hata katika hospitali ya nje ya Idara, hadi siku 30 wakilazwa, kwa hiyo mapokezi waelezwe mapema kwamba mgonjwa ni askari wa zamani, maana Idara hutakiwa kujulishwa ndani ya saa 72. Matibabu ya kawaida huombwa kwa fomu 10-10EZ, na hati ya kuachishwa jeshi, DD 214, iwekwe karibu.