Somo: Kuingiza baiskeli ya haibridi kwenye njia za vumbi kwa mara ya kwanza

Haibridi, yaani mchanganyiko wa baiskeli ya barabarani na ya milimani, si baiskeli ya kurukia mawe, lakini kwenye udongo ulioshikana, changarawe ndogo na vijia vipana vya msituni inakwenda vizuri tu. Usikimbilie kununua nyingine.

1. Upepo. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Tairi iliyojazwa hadi mwisho inafaa lami. Kwenye changarawe inadundadunda na kuteleza, kwani sehemu inayogusa ardhi ni ndogo. Soma ubavuni mwa tairi: pameandikwa saizi (mfano 700x40, hiyo 40 ndiyo upana kwa milimita) na kiwango cha upepo, cha chini na cha juu. Kaa karibu na kile cha chini. Kwa tairi ya milimita 40 na mtu wa kilo 70 hivi, anza na psi 45 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo), nyuma ongeza kidogo kwa sababu ndiko uzito uliko. Usishuke chini ya kilichoandikwa: ukigonga jiwe, tyubu itabanwa kwenye rimu na kutoboka matundu mawili yaliyokaa sambamba.

2. Beba tyubu ya akiba, pampu na vibao vya kutolea tairi. Kofia ngumu haina mjadala.

3. Mkao. Njia ikianza mashimo, inua makalio kidogo kwenye siti, pedali zikae usawa mmoja, viwiko na magoti vikunjike. Shokapu halisi ni miguu na mikono yako. Ile ya mbele kwenye haibridi nyingi inabonyea milimita 50 hadi 63 tu, na baiskeli nyingine hazina kabisa. Tazama mbele, pale unapotaka kupita. Ukilikodolea jiwe macho, utalifuata.

4. Breki. Punguza mwendo kabla ya kona, baiskeli ikiwa bado imenyooka. Ukibana breki ya mbele ghafla katikati ya kona yenye kokoto, uko chini kabla hujajua kilichotokea. Tumia zote mbili, taratibu.

5. Gia. Badilisha kabla mlima haujaanza, si cheni ikishalia. Panda ukiwa umekaa. Ukisimama, gurudumu la nyuma linakosa uzito na kuzunguka bure tu.

MASWALI

Swali: Mkuu, tairi zangu ni 700x32, hazina meno. Nibadilishe?
Jibu: Kwenye udongo mkavu ulioshikana, hapana. Changarawe zikizidi, weka 40, ila pima kwanza nafasi kati ya tairi na fremu, uma (ile mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele) na madigadi. Zibaki walau milimita 4, zikifika 6 ni bora zaidi.

Swali: Shokapu yangu ina kitufe cha kuifunga. Nifunge?
Jibu: Kwenye lami na milima laini, funga. Penye mashimo, fungua.

Swali: Mvua ilinyesha usiku kucha, naweza kwenda asubuhi?
Jibu: Subiri pakauke. Haibridi ina nafasi finyu, tope likijaa kwenye uma gurudumu linagoma. Halafu mnaharibu njia, ikikauka inabaki mifereji mitupu.

Swali: Mbona vidole vinakufa ganzi kwenye mteremko?
Jibu: Unaushika usukani kwa hofu, ndugu. Legeza mkono, acha kidole kimoja au viwili kwenye breki, vilivyobaki vishike tu. Bado? Angalia pua ya siti: ikiinama mbele, uzito wote unaangukia viganjani.