Kuvuna joto la mto uliopashwa na mtambo wa umeme

Mtambo wa nyuklia wa megawati 1,000 za umeme hutupa kama megawati 2,000 za joto, na usipokuwa na mnara wa kupozea, joto hilo mara nyingi huishia mtoni au baharini. Ni tele lakini hafifu: maji ya nyuzi 12 hayapashi chumba. Inabidi pampu ya joto, inayofanya kazi kama friji, ilichote joto hilo na kulipandisha.

Anza na hesabu. Lita 1 ya maji kwa sekunde ikipozwa nyuzi 1 hutoa kilowati 4.2. Tuseme jengo linahitaji kilowati 40 za maji ya nyuzi 50. Pampu inayotoa joto mara 4 ya umeme inaoula itatumia kilowati 10. Zile 30 zitoke mtoni. Ukiyapoza maji kwa nyuzi 3, unahitaji lita 2.4 kwa sekunde, na bomba la plastiki la milimita 63 latosha. Huko Mannheim, Ujerumani, pampu iliyowashwa 2023 kando ya mto Rhine hutoa megawati 20 kwa umeme wa megawati 7. Piga hesabu ileile, utapata kama lita 1,000 kwa sekunde.

Usipitishe maji ya mto ndani ya pampu ya joto. Katikati weka kibadilisha joto (kifaa kinachopitisha joto bila kuchanganya maji ya pande mbili) cha sahani za chuma zinazofunguka, na upande wa pili mzunguko wa maji yenye glikoli (kemikali ya kuzuia kuganda) asilimia 25. Sahani zilizounganishwa moja kwa moja ni nafuu, lakini huwezi kuzifungua kuzisugua, na kome hustawi kwenye maji vuguvugu.

Mdomo wa bomba uwe na chujio pana la matundu ya milimita 3, maji yaingie chini ya sentimita 15 kwa sekunde. Yakienda kasi, vifaranga vya samaki na majani hunata. Maji yaliyopozwa yatoe mbele, upande mto unakoelekea, la sivyo utachota baridi yako mwenyewe.

Kosa linaloua mifumo hii ni kuutegemea uvuguvugu. Mtambo ukisimama Januari, mto hurudi nyuzi 4 au pungufu, na barafu hupasua sahani. Nunua pampu ya maji inayoweza kuongeza mtiririko mara mbili, ili maji yapoe nyuzi 1.5 tu, pamoja na swichi ya mtiririko na kihisi kinachozima kila kitu maji yanayotoka yakifika nyuzi 2. Boila ya akiba ibaki.

Pima pia mwinuko: jengo likiwa mita 30 juu ya mto na maji yakimwagwa huko juu, kuyapandisha tu hula karibu kilowati 1.5.