Shopingi ya supamaketi Mombasa bila kununua begi kila siku

Marufuku ya mifuko ya plastiki hapa Kenya ilianza 28 Agosti 2017 na kwa supamaketi imefanya kazi, hilo nalisema wazi. Enda Nyali, enda mjini, enda Likoni, hakuna keshia atakaekutilia unga kwa juala la bure tena, mana faini ni shilingi milioni 2 hadi 4 ama jela mwaka 1 hadi 4 na hakuna meneja ataka kujaribu hayo. Panapovuja sasa ni kwetu wanunuzi. Mtu afika kwa keshia mikono mitupu, anunua begi, akifika nyumbani alisokomeza chini ya sinki, kesho anunua jengine.

Kwanza jua begi lako ni la nini. Yale mabegi laini ya rangi rangi ukiyashika ni kama kitambaa, lakini ni plastiki pia, na 2019 NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ilitangaza kuyapiga marufuku kwa sababu yalikuwa yatengenezwa mepesi mno hata hayarudiwi. Uingereza shirika lao la mazingira lilipiga hesabu 2011, likasema begi kama hilo lataka kutumiwa mara 11 ndio liwe afadhali kuliko juala jembamba la kutumiwa mara moja kwa upande wa gesi zinazoongeza joto duniani, na la pamba mara 131! Kwa hivyo usikimbilie kununua begi zuri la pamba, tumia ulilo nalo mpaka lishindwe. Ukiwa huna kabisa basi chukua kikapu cha ukili, vyapatikana soko la Marikiti mjini, chabeba uzito na kikichoka chaoza bila kumdhuru mtu.

Sasa tatizo kubwa ni kusahau begi nyumbani. Ukishatoa vitu jikoni, begi lirudi mlangoni saa hiyo hiyo pale pale pa funguo, na jengine dogo likunje likae ndani ya mkoba wako wa kila siku kwa zile siku watoka kazini ukakumbuka hakuna sukari.

Ukifika kwa keshia sema mapema "nna begi" kabla hajaanza kupiga bei. Unga, mafuta na mchele chini, mayai na mkate juu, sabuni mbali na chakula. Ndimu na pilipili zipimwe halafu zitie kwa kifuko kidogo cha kitambaa, ila matunda makubwa kama papai stika yabandikwa pale pale kwa ganda, hakuna haja ya kufunga. Nyama na samaki ndio wasumbufu, kikapu chanyonya maji na harufu haitoki, kwa hivyo beba kopo lenye kifuniko na uombe watie humo, wengine watakubali wengine watakataa, uliza tu.

Na usigombane na keshia kuhusu mkate na sukari kuwa ndani ya plastiki, sheria iliachilia vitu vilivyofungwa kiwandani. Hapo unachoweza ni kununua pakiti moja kubwa badala ya vipakiti vitano.

Kwa vibanda na sokoni mambo ni tofauti, supamaketi ni rahisi kukaguliwa lakini kibanda hapana, ndio mana vile vijuala vyembamba bado vyapenya huko. Muuzaji aogopa kupoteza mteja basi usimngoje, sogeza kikapu chako kabla mkono wake haujafika kwa vijuala, "mama, nitilie humu tafadhali," na nyanya zaenda. Hili nalisisitiza sana mana mvua ya masika ikinyesha vile vijuala ndivyo vyaziba mitaro, na vinavyopita vyaishia kwa mikoko ya Tudor.

Begi la kitambaa lifue kwa sabuni likishabeba nyama, lianike juani likauke kabisa. Mkono ukikatika mpelekee fundi cherehani, mwambie ashone mara mbili na uzi mnene.