Somo: Namna ya kuandaa ubao wa "Siku kama ya leo" kwa michezo

Habari zenu ndugu zangu wa Arusha na Moshi. Wengi mmeuliza ule ubao wa kikundi chetu cha mbio za asubuhi pale Ngarenaro huwa tunauandaaje, ule unaoanza na "Siku kama ya leo". Naandika hatua kwa hatua, ili mwenye kikundi, darasa au kijiwe cha kahawa aanzishe wake.

Vifaa ni vichache: kipande cha plaiwudi futi 2 kwa 3, rangi nyeusi ya ubao, chaki, na kaunta buku nene. Hiyo kaunta buku ndiyo roho ya kazi yote.

Hatua ya 1: Daftari kabla ya ubao

Kila tarehe ipe ukurasa wake, kurasa 366, na Februari 29 usiisahau. Usipange kwa miaka. Ukipanga kwa tarehe, matukio ambayo hukuwahi kuyafikiria pamoja yatakutana ukurasa mmoja. Mfano wake uko hatua ya 5.

Hatua ya 2: Anza na wa nyumbani

Ukanda wetu huu umelea wakimbiaji wa kutosha kujaza kurasa nyingi. Februari 2, 1974, Christchurch, New Zealand: Filbert Bayi, kijana wa Karatu, anashinda mita 1500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa dakika 3:32.16, rekodi ya dunia. Aliongoza tangu mwanzo, hakuna aliyemvutia kasi. Aliyekuja wa pili, John Walker wa New Zealand, alitumia 3:32.52, maana yake hata yeye aliivunja rekodi ya zamani na bado akashindwa. Mei 17, 1975, Kingston, Jamaika: Bayi tena, maili moja kwa 3:51.0, rekodi nyingine ya dunia. Novemba 5, 1989, Juma Ikangaa anashinda New York Marathon kwa 2:08:01.

Hao wakishakaa, toka nje: Roger Bannister chini ya dakika 4 kwa maili, Mei 6, 1954, Abebe Bikila akishinda marathoni peku mjini Roma, Septemba 10, 1960, Eliud Kipchoge mjini Vienna, Oktoba 12, 2019, marathoni kwa saa 1:59:40, ingawa haikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi.

Hatua ya 3: Hakiki tarehe

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, basi nitakaa kidogo.

Jina la mashindano si mwaka wa mchezo. Fainali ya AFCON 2023 ilichezwa Februari 11, 2024. Olimpiki ya Tokyo 2020 ilifunguliwa Julai 23, 2021. Usinakili mwaka kutoka kwenye nembo.

Kalenda nazo zinatofautiana. Olimpiki ya kwanza ya zama hizi, Athens 1896, ilifunguliwa Aprili 6 kwa kalenda yetu, lakini Wagiriki wenyewe siku ile walihesabu Machi 25, kwa sababu bado walitumia kalenda ya kale. Andika Aprili 6.

Kisha kuna saa. Muhammad Ali alimwangusha George Foreman raundi ya 8 mjini Kinshasa, Oktoba 30, 1974. Pambano lilipangwa saa 10 alfajiri ili Wamarekani walione jioni kwao, na New York ilikuwa bado Oktoba 29, saa 4 usiku. Ndiyo maana utakuta tarehe mbili, na kila mwandishi ana haki yake. Kanuni yetu ni moja: tarehe ni ile ya pale uwanjani. Kama kwetu ilikuwa tofauti, Kiswahili kinatosha: andika "usiku wa kuamkia" kwa chaki ndogo chini.

Hatua ya 4: Chagua tukio moja, liandike kama unaliona

Fungua Oktoba 20. Mwaka 1968, Olimpiki ya Mexico City, siku hiyo moja Kip Keino wa Kenya alimwacha mbali Jim Ryun kwenye mita 1500. Dick Fosbury wa Marekani aliruka juu mita 2.24 akiupa mwamba mgongo, na tangu hapo warukaji wakaiga. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda marathoni kwa 2:20:26. Wote ni mabingwa, na yeyote angefaa ubao.

Mimi naandika wa 57.

John Stephen Akhwari wa Mbulu alianza marathoni ile pamoja na wenzake zaidi ya 70. Hewa ya Mexico City ni nyepesi, mji uko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Misuli ilimkaza, kisha akaanguka akaumia goti. Alimaliza kwa 3:25:27, zaidi ya saa nzima baada ya Wolde, na nyuma yake hakumaliza mtu. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alisema nchi yake haikumtuma maili 5,000 kwenda kuanza mbio, ilimtuma kwenda kuzimaliza.

Ubaoni naweka hivi:

"Oktoba 20, 1968. Mexico City. Giza limeingia, watu wameanza kuondoka uwanjani. Anaingia mtu mmoja anachechemea, bendeji gotini. Ni John Stephen Akhwari wa Tanzania. Wa 57, wa mwisho. Amemaliza. (Kwetu: usiku wa kuamkia 21.)"

Mistari michache, basi. Wanaosoma wako njiani, wengine wamebeba ndoo kichwani.

Hatua ya 5: Andika na ambacho hakikutokea

Mwaka mmoja, Julai 31, niliandika medali ya Bayi ya Olimpiki ya Moscow 1980 peke yake. Mzee mmoja wa Mbulu anayepita kila asubuhi na maziwa kwenye baiskeli alisimama, akasoma, akashusha mguu chini. "Mwalimu, umeandika nusu. Tarehe hii hii, miaka minne nyuma yake, Bayi alikuwa wapi?"

Nikarudi kwenye daftari. Julai 31, 1976, Montreal, fainali ya mita 1500. John Walker alishinda kwa 3:39.17. Bayi, mwenye rekodi ya dunia, hakuwepo. Tanzania ilisusia pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na Kamati ya Olimpiki ikakataa kuiondoa New Zealand. Walker ni wa New Zealand. Pambano ambalo dunia ililingoja tangu Christchurch halikufanyika.

Miaka minne baadaye, tarehe ile ile, Bayi yuko Moscow kwenye mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Anaongoza kwa kasi kama kawaida yake, na mwishoni Bronisław Malinowski wa Poland anampita. Bayi anapata fedha kwa 8:12.48, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Tanzania. Kesho yake, Agosti 1, Suleiman Nyambui anapata fedha ya mita 5000. Hadi Paris 2024 hatukuwa tumeongeza nyingine.

Sasa Julai 31 naugawa ubao kwa mstari wa wima: kushoto 1976, kulia 1980. Upande wa kushoto naandika "Bayi hayupo" na sababu yake. Mzee wa maziwa aliusoma mara mbili, akasema, "Hapo sawa."

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo Mwalimu. Niko Pasua, Moshi. Nimefika Machi, na kurasa nyingi bado nyeupe. Nijaze chochote?

Marahaba. Usijaze chochote. Siku isiyo na kitu, andika matokeo ya kwenu: nani alishinda jana uwanja wa shule, nani amekimbia Kilimanjaro Marathon kwa mara ya kwanza. Baada ya mwaka, hiyo nayo itakuwa "siku kama ya leo".

Mwalimu, wasichana wa timu yangu wanauliza wao wako wapi kwenye orodha yako.

Wana haki, na hatua ya 2 nilipaswa kuianza na wao. Septemba 24, 2023, Magdalena Shauri alikuwa wa tatu Berlin Marathon kwa 2:18:41, rekodi ya taifa. Agosti 7, 1992, Derartu Tulu wa Ethiopia alishinda mita 10,000 Barcelona, akazunguka uwanja pamoja na Elana Meyer, mzungu wa Afrika Kusini iliyokuwa imetoka tu kifungoni kimichezo. Na Nane Nane, watu wakielekea Themi kwenye maonyesho, wakute hili: Agosti 8, 1984, Nawal El Moutawakel wa Moroko alishinda mita 400 kuruka viunzi. Mwanamke wa kwanza Mwarabu kuwa bingwa wa Olimpiki.

Kocha, mpira mbona hakuna?

Upo, ndugu yangu. Machi 24, 2019, Taifa Stars 3, Uganda 0, Dar es Salaam: Msuva, Nyoni kwa penalti, Morris. Tulirudi AFCON baada ya miaka 39. Tahadhari moja: ya Simba na Yanga yaandike yote mawili au usiandike kabisa. Ukiweka Simba alivyofungwa 2-0 na RS Berkane kwenye fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho Afrika, Mei 17, 2025, weka na Yanga alivyokosa kombe hilo hilo kwa bao la ugenini, ingawa alishinda 1-0 Algiers, Juni 3, 2023. Vinginevyo ubao utafutwa kabla ya saa 2.

Habari Mwalimu. Sisi wa Marangu, kupanda mlima ni mchezo?

Kwangu ni mchezo. Oktoba 6, 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kilimanjaro. Na usiwaandike wawili peke yao: Yohani Kinyala Lauwo wa hapo kwenu Marangu anakumbukwa kama kiongozi wa njia. Wazee wenu wanalijua jina lake kuliko kaunta buku yangu, waulizeni.

Septemba 15 je? Ya Simbu utaiandikaje kwa mistari michache?

Hii nimeiandika na kuifuta mara nne. Iliyobaki ni hii: "Septemba 15, 2025. Tokyo. Kilomita 42 zimekwisha, watu wawili wanafika mstarini pamoja, 2:09:48 kwa 2:09:48. Picha inaangaliwa. Alphonce Simbu yuko mbele ya Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. (Kwetu: usiku, wengi tumelala.)"

Mwalimu, masika ubao unalowa, chaki inaondoka yote.

Ugeuze uso ukutani jioni, na juu yake pigilia kipande cha bati. Wetu una bati la kuezekea lililobaki kwa fundi, na Aprili iliyopita hatukukosa siku hata moja.