Kichefuchefu kimekata? Sasa ndiyo uje kliniki

Kichefuchefu kikishakata, wajawazito wengi hutoweka. Nawaelewa. Mtu alikuwa anatapika hata maji, leo anakula, analala, anacheka. Nani ana hamu ya kukaa kwenye benchi akisubiri kutolewa damu? Mimi ni mkunga, na kipindi hiki cha katikati, wiki ya 14 hadi ya 27, ndicho ninachokipenda, kwa sababu mama ana nguvu ya kusikiliza na kuuliza. Kitumie kuujua mwili wako ulivyo ukiwa mzima, ili siku ukibadilika uwe wa kwanza kujua, kabla hata yangu.

Anza na tumbo. Kwenye wiki ya 12 mfuko wa uzazi ndiyo kwanza unachungulia juu ya mfupa wa kinena, na kufikia wiki ya 20 uko usawa wa kitovu. Kuanzia hapo nachukua futikamba, naweka sifuri juu ya mfupa wa kinena, naivuta hadi pale mkono wangu unapogusa ukingo wa juu wa mfuko. Sentimita hukaribiana na wiki: mimba ya wiki 24 huwa na sentimita 24 hivi, na mbili zikizidi au kupungua hazinishtui. Tofauti ikiwa kubwa ndipo naanza kuuliza: tarehe zilikosewa? Ni mapacha? Maji ni mengi? Mtoto hakui inavyotakiwa? Omba namba hiyo uitajiwe na iandikwe kwenye kadi kila unapopimwa. Kuhusu tumbo lililochongoka kuwa la mvulana na lililotanda kuwa la msichana, hapo sichangii kitu. Futikamba yangu haijawahi kusema.

Halafu kuna swali la kila mmoja: mtoto ataanza kucheza lini? Mimba ya kwanza, wengi humsikia wiki ya 18 hadi ya 20. Aliyewahi kuzaa huweza kumtambua hata wiki ya 16, maana anajua anachotafuta. Usingoje teke. Mwanzoni ni vipovu tu, au kitu kinachopapasa chini ya kitovu, ukadhani ni gesi. Jioni ukishakula, lala ubavu, weka mkono hapo chini, zima kelele zote. Kondo la nyuma likiwa limejishika ukuta wa mbele wa mfuko, humkinga, na utachelewa kumsikia, si ugonjwa. Ila wiki ya 24 ikifika hujasikia chochote, njoo tusikilize mapigo ya moyo wake. Na ukishazoea kumsikia, kisha akapunguza au akanyamaza, njoo siku hiyohiyo.

Maumivu ya kinena ndiyo huwatisha wengi. Unageuka kitandani au unapiga chafya, mara kitu kinakuchoma upande mmoja, kisha kinaachia. Ni kano zinazoushikilia mfuko wa uzazi. Zinavutwa kadiri unavyokua. Ukitaka kuamka, kunja magoti yote mawili, geuka mabega na nyonga kwa pamoja, shusha miguu, kisha jisukume kwa mkono. Usijivute moja kwa moja kutoka chali. Maumivu ya namna hii ni ya sekunde chache. Yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio, au yanayoambatana na damu, hayo ni habari nyingine kabisa.

Damu mwilini sasa inaongezeka, mwishowe itazidi ile ya kawaida kwa karibu nusu, na mambo mengi yanatokea hapo. Fizi hutoka damu ukipiga mswaki: tafuta mswaki laini, lakini usiache kupiga. Pua ikitoka damu, kaa, inama mbele, bana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15. Presha nayo hushuka kidogo, ndiyo maana unaona kizunguzungu ukisimama ghafla. Maji ya damu huongezeka haraka kuliko chembe nyekundu, kwa hiyo wingi wa damu ukipimwa huonekana umepungua. Hapa ndipo vidonge vya kuongeza damu vinapofanya kazi. Shirika la Afya Duniani hupendekeza miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma kwa siku, pamoja na mikrogramu 400 za foliki asidi. Usivimeze kwa chai, kahawa wala maziwa. Maji au juisi yenye vitamini C ni bora. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Kikiwa kigumu, ongeza maji, mboga na kutembea. Vikikushinda niambie tubadilishe, mwanangu. Usivirundike kabatini huku kila mwezi ukiniambia unameza.

Kiungulia, mstari mweusi tumboni, weusi usoni, ute mweupe usiowasha wala kunuka: ya kawaida yote hayo. Michirizi haizuiliwi na mafuta, hata yauzwe kwa mbwembwe gani. Msuli wa mguu ukikaza usiku, nyoosha goti na vuta vidole vya mguu kuelekea kwako.

Vipimo viwili usivikose. Cha kwanza ni altrasaundi ya wiki ya 18 hadi ya 22. Wengi huja kuuliza jinsia, lakini mpimaji anaangalia ubongo, uti wa mgongo, vyumba vya moyo, figo, viungo na kondo lilipokaa. Ukiambiwa kondo liko chini, usilie. Mara nyingi husogea juu mfuko unavyokua, na utaangaliwa tena baadaye. Cha pili ni cha sukari, wiki ya 24 hadi ya 28. Unakuja hujala, unatolewa damu, unakunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, kisha unatolewa tena. Kinachukua saa mbili na zaidi, njoo na kitu cha kusoma. Usiseme hujisikii vibaya, maana kisukari cha mimba mara nyingi hakina dalili yoyote.

Presha hupimwa kila ukija. Pumzika dakika tano kwanza, usikunje miguu, mkono uwe usawa wa moyo. Baada ya wiki ya 20, ikifika 140 kwa 90 tunaanza kuwaza kifafa cha mimba. Ukiwa nyumbani, kichwa kinachouma bila kutulia, kuona nyotanyota, maumivu chini ya mbavu au uso na mikono kuvimba ghafla ni sababu ya kuja hata usiku. Homa, mkojo unaochoma, uchungu wa kupangika na damu ukeni, vivyo hivyo. Usingoje tarehe iliyo kwenye kadi. Ukihisi maji yanakutoka, vaa pedi safi, usiingize chochote ukeni, na uje nayo hiyo pedi. Rangi na harufu yake hunisaidia kujua kama ni chupa imepasuka au ni mkojo umekuponyoka.